Kulima Uyoga Kwenye Gogo: Gogo Bichi, Si la Kuni

Tangu mvua zilipoanza watu wengi wamekuwa wakinisimamisha kwenye bomba la maji, na hata kwenye foleni ya mgawo, wakiniuliza habari ya yale magogo yaliyofunikwa nailoni nyuma ya nyumba yetu. Wengine walidhani ninaficha makaa. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama nimezika kitu. Sikuzika kitu. Ninalima uyoga, na karatasi hii inaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa mtu mwenye msumeno, gogo moja na subira. Anayejua kusoma amsomee na jirani yake.

Kwanza tuelewane ni uyoga gani. Sisi tuliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri tunaujua ule uyoga mkubwa unaotoka kwenye kichuguu baada ya mvua za kwanza, ambao mama zetu walikuwa wakiuchuma alfajiri kabla jirani hajaamka. Uyoga ule haulimwi kwenye gogo. Unaishi pamoja na mchwa ndani ya kichuguu, mchwa wenyewe ndio wanaoulisha, na bila wao hauoti. Mtu akikuambia anakuuzia mbegu ya uyoga wa kichuguu, mwache aende zake.

Uyoga wa gogo ni mwingine. Wauza mbegu wa Kampala huuita oysta, Watanzania huuita mamama, na waliosoma Kifaransa wanaujua kwa jina la pleroti. Una umbo la sikio au la kipepeo cha kupepea moto, unaota kwa mafungu ubavuni mwa mti, rangi yake nyeupe au kijivu. Huko China na Japani watu wamelima uyoga juu ya magogo kwa mamia ya miaka, hasa ule uitwao shiitake, lakini shiitake hupenda baridi kuliko tuliyo nayo hapa Kyangwali. Oysta huvumilia joto letu na haichagui sana mti. Ndiyo ninayowashauri.

Kinachotendeka ndani ya gogo

Uyoga tunaoula ni kama embe: ni tunda tu. Mwembe wenyewe, yaani sehemu inayoishi na kula, ni nyuzi nyeupe nyembamba kama za buibui zinazotambaa ndani ya mbao. Nyuzi hizo hula gogo polepole miezi mingi. Zikishiba na mvua ikanyesha, ndipo zinatoa tunda. Ukilielewa hili, mengine yote katika karatasi hii yatakuwa mepesi: kazi yako ni kuziingiza nyuzi ndani ya gogo kabla ukungu mwingine haujaingia, kisha kulilinda gogo lisikauke.

Wengi wenu mmeona uyoga ukilimwa kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa majani makavu ya maharage au maganda ya mbegu za pamba. Ni njia nzuri na huzaa mapema, mwezi mmoja au miwili. Lakini majani yale kwa kawaida huchemshwa au hupigwa mvuke saa nzima au zaidi, pipa zima, ili kuua ukungu mwingine. Hebu fikiri kuni za kuchemsha pipa. Fikiri ni dada gani atakayetumwa kuzitafuta, na umbali gani, na atakutana na nani huko.

Gogo bichi halichemshwi. Mti uliokuwa hai juzi una kinga yake, na chini ya gome lake ukungu mwingine haujapata nafasi ya kuingia. Mbegu yetu ikiwahi, inakuta nyumba tupu. Hiyo ndiyo faida kubwa ya gogo kwa watu kama sisi. Hasara yake ni kwamba linakawia. Kati ya kupanda na kula ni miezi sita hadi mwaka mzima.

Mti gani, na kutoka wapi

Vitabu husema mti mgumu, na watu hudhani lazima uwe mti wa mbao ngumu kama chuma. Maana yake ni mti wa majani mapana, si wa jamii ya msonobari. Msonobari wenye harufu ya utomvu haufai, kwa sababu utomvu ule huzuia uyoga. Mti wa majani mapana wenye mbao laini kidogo huzaa mapema na kuoza mapema; wenye mbao ngumu huchelewa kuzaa lakini hudumu miaka kadhaa. Mwembe unafaa. Mkaratusi nao unafaa, ila unakauka upesi, hivyo uwahi. Usitumie mnyaa wala mti wowote ambao maziwa yake huwasha ngozi au huumiza macho.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa vijana wenye mapanga. Sijaandika karatasi hii ili mtu aende Bugoma kukata mti. Msitu ule ni hifadhi ya serikali ya Uganda, na kukata mti bila ruhusa ni kosa la sheria. Zaidi ya hapo, ugomvi wetu na wenyeji juu ya kuni tayari unatosha. Hauhitaji kuongezewa uyoga. Gogo litoke kwenye shamba lako, au tawi lililopunguzwa kwa jirani, au mkaratusi uliopandwa na mwenyewe akakubali kuuza. Ukinunua kwa mwenyeji, mwenyekiti wa RWC ajue, ili siku ya kuulizwa pawe na shahidi. Tawi moja nene la mwembe linatosha kuanzia.

Makosa yangu matatu

Nayaeleza ili msiyarudie. Nilifika hapa mwaka 2018 nikiwa nimemaliza shule ya sekondari, nikafikiri mambo ya kusoma kitabuni yanatosha.

Mara ya kwanza nilichukua magogo kutoka kwenye rundo la kuni. Yalikuwa mazuri, makavu, mepesi kubeba. Nikayatoboa, nikaweka mbegu niliyoinunua kwa fedha ya mwezi mzima, nikangoja miezi minane. Kilichoota ni vigamba vya kahawia vigumu kama ngozi ya kiatu. Gogo kavu la kuni tayari lina wapangaji wake, na halina maji. Mbegu haikupata pa kukaa.

Mara ya pili nilitumia gogo bichi, lakini nikalilaza juu ya udongo. Mchwa walilimaliza kutoka chini. Kwa juu lilionekana zima. Nilipoliinua lilivunjika mikononi mwangu kama mkate.

Mara ya tatu nilifanya kila kitu sawasawa. Nikaitwa kwenye semina ya siku nne. Niliporudi nikakuta magogo mawili badala ya matatu. Nilikuwa tayari kwenda kushtaki kwa mwenyekiti, ndipo mama yangu akaniambia kwamba ni yeye aliyelipasua. Kuni zilikuwa zimekwisha na mvua ilikuwa inanyesha. Akaniuliza: "Mwanangu, uyoga wako unakuja lini, na haya maharage yanaiva lini?" Sikuwa na jibu.

Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika kilimo hiki, na sitawaficha. Gogo moja la urefu wa mita linaweza kupika maharage yetu ya siku mbili. Gogo hilohilo likilishwa kwa uyoga halitakuwa tena kuni. Nyuzi zinakula ule ule ukali ambao moto ungeutumia, na mwishoni linabaki jepesi kama sifongo. Kwa hiyo kabla ya kupanda, kaeni kikao nyumbani. Mama, baba, bibi na watoto wakubwa wote wajue gogo lile ni la nini na litazaa lini. Nyumba isiyo na kuni za wiki hii isianze na gogo. Ianze siku itakapokuwa na akiba, au majirani watatu wachangie gogo moja na kulilinda pamoja. Sisi tuliweka alama ya chokaa kwenye yale mawili yaliyobaki, na mama ndiye aliyekuwa mlinzi wake mkali kuliko mimi.

Jinsi ya kupanda

Kuna njia mbili. Moja inataka keekee na nyingine inataka msumeno tu. Kwa kuwa keekee ni adimu kwetu, nitaanza na ya msumeno.

Tafuta gogo bichi lenye unene wa sentimita 15 hadi 30, gome likiwa zima. Gome ni ngozi yake. Likichubuka, maji yanatoka na ukungu mwingine unaingia. Baada ya kukata, liache kivulini wiki moja au mbili ili kinga ya mti ipungue, lakini lisizidi mwezi. Kisha likate vipande viwili vya sentimita 30 hivi, na juu yake ukate kisahani chembamba cha sentimita 5. Osha mikono kwa sabuni na suuza vizuri.

Tandika mfuko mkubwa wa nailoni kivulini, juu ya matofali au mawe. Ndani yake mwaga mbegu ya uyoga, viganja viwili, uisambaze. Simamisha kipande cha kwanza juu yake. Juu ya kipande hicho weka tena viganja viwili, kisha kipande cha pili, kisha mbegu tena, na mwisho funika kwa kile kisahani. Sasa una mnara mfupi. Vuta mfuko uufunike wote, funga juu kwa kamba bila kukaza sana, na utoboe matundu machache madogo, maana nyuzi hupumua kama sisi. Kipande cha shitingi iliyochakaa kinaweza kufanya kazi ya mfuko.

Mwenye keekee anaweza kutumia gogo jembamba zaidi, la sentimita 10 hadi 15 na urefu wa mita moja. Toboa matundu ya kina cha sentimita 3, yaachane kiasi cha upana wa kiganja, mstari mmoja ukipishana na mwingine. Shindilia mbegu ndani na uzibe kila tundu kwa nta ya nyuki au ya mshumaa iliyoyeyushwa. Nta isiwekwe moja kwa moja juu ya moto. Weka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji ya moto, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Nta inawaka kama petroli, na nyumba zetu mnazijua.

Kwa njia zote mbili gogo likae mahali ambapo jua la mchana halifiki, chini ya migomba au upande wa nyuma wa nyumba. Lisiguse ardhi hata kidogo. Zungushia majivu chini ya matofali na uyabadilishe kila mvua inapoyaosha. Mchwa hawapendi kuyavuka, ingawa ukilala wiki mbili watapata njia. Kagua kila wiki.

Kungoja

Mnara uliofungwa huachwa miezi mitatu hadi sita. Usiufunguefungue kwa hamu. Chungulia mara moja kwa mwezi: ukiona utando mweupe kati ya vipande na kwenye ncha za mbao, mambo ni mazuri. Ukiona kijani au nyeusi kidogo, ngoja, nyuzi nyeupe mara nyingine hushinda. Ikiwa kijani imefunika mbegu yote na inanuka uchachu, umepoteza mbegu, na kipande hicho mpe mama akakitumie jikoni kikikauka.

Utando ukienea, ondoa mfuko. Hesabu vizuri, ili uondoe mvua zinapoanza, Machi au Septemba, si katikati ya kiangazi. Wakati wa jua kali mwagia gogo maji mara mbili kwa wiki, au lilaze ndani ya maji usiku mmoja. Sisemi mtumie maji ya kunywa. Maji ya mvua kutoka kwenye bati au turubai yanatosha, na maji ya kuoshea mboga pia, mradi hayana sabuni.

Siku moja utaona vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti. Ndani ya siku tano hadi saba vitakuwa uyoga kamili. Kuku na konokono nao watauona, basi funika kwa chandarua kilichochakaa. Chuma kabla kingo hazijaanza kujikunja kwenda juu. Shika fungu lote, lizungushe, ling'oke. Ukichelewa utaona vumbi jeupe likianguka chini yake. Vumbi hilo ndilo mbegu yake ya asili, na linasumbua kifua. Mwenye pumu asikae karibu, na mtu yeyote asilime uyoga ndani ya chumba cha kulala.

Mnara wangu wa kwanza ulionifaulisha ulitoa karibu nusu kilo kwa mchumo mmoja, na katika msimu ule ulichumwa mara tatu. Si utajiri. Lakini gogo la mbao laini linaweza kuendelea miaka miwili au mitatu, na halikudai mbolea, jembe, wala eneo. Kwa wenye ploti ndogo hilo si jambo dogo.

Tahadhari ambayo lazima isomwe kwa sauti

Si kila kinachoota kwenye gogo lako ni uyoga wako. Upepo huleta mbegu za aina nyingine, na baadhi zina sumu. Oysta inatoka ubavuni, shina lake ni fupi sana au halipo, na chini ya kofia mna mikunjo myeupe kama kurasa za kitabu inayoteremka mpaka kwenye shina. Kinachotofautiana na hicho, kitupe. Hata kinachofanana, kama wewe ni mgeni wa kazi hii, kilete kwanza kwa mtu aliyewahi kulima.

Kuna maneno ya wazee ambayo kwa heshima nayakataa: kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, kwamba kitunguu saumu kikigeuka rangi kinaonyesha sumu, kwamba kuchemsha sana kunaondoa sumu. Yote si kweli. Sumu iliyo mbaya kuliko zote haiondoki kwa moto. Nayo ina ujanja: mtu anakula jioni, anaanza kutapika na kuhara baada ya saa sita au kumi na mbili, kisha siku ya pili anapata nafuu na watu wanashukuru, kumbe ini linaharibika. Atakayetapika baada ya kula uyoga apelekwe kituo cha afya mara moja, hata akisema amepona, na mabaki ya uyoga yapelekwe pamoja naye. Wote waliokula chungu kimoja waende.

Na uyoga wetu nao upikwe daima. Mbichi huumiza tumbo.

Je, unashiba?

Nimesikia ikisemwa kwamba uyoga ni nyama ya maskini. Ni kweli nusu. Uyoga mbichi ni maji kwa sehemu tisa kati ya kumi. Gramu 100 zake zina kama gramu 3 za protini, wakati gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya 20. Kwa hiyo usiuze maharage ukategemea uyoga. Lakini una vitamini za kundi B ambazo unga wa mgawo hauna nyingi, na ladha yake inafanya mtoto aliyekataa maharage siku tatu mfululizo amalize sahani. Tangu mgawo ulipoanza kutolewa kwa makundi mwaka 2023, nyumba nyingi zinapika kitu kimoja mchana na usiku. Huko ndiko uyoga unakosaidia. Uliozidi ukaushe juani juu ya kitambaa safi. Kilo kumi mbichi zinatoa kama kilo moja kavu, na ukifungwa vizuri unakaa miezi.

Mbegu

Mbegu hununuliwa. Hapa Uganda mara nyingi huoteshwa juu ya punje za mtama ndani ya chupa au mfuko. Iwe nyeupe yote, inukie uyoga, isiwe na doa la kijani wala maji machafu chini. Itumie ndani ya siku chache, na isibebwe juani kwenye boda boda. Nunueni kwa pamoja, watu watano mfuko mmoja. Msilipe fedha kwa mtu anayesema atanunua mavuno yenu yote kwa bei ya juu mradi mnunue mbegu kwake kwanza.

Ukishavuna mara moja, unaweza kujaribu kuotesha yako. Chukua vitako vya uyoga, zile sehemu ngumu za chini tunazozikata. Loweka katoni katika maji, ichane tabaka tabaka, na uvipange vitako kati ya tabaka ndani ya ndoo yenye kifuniko kilicholegea. Baada ya wiki mbili hadi nne katoni inakuwa nyeupe, nayo ndiyo mbegu. Kwangu imefaulu mara tatu kati ya tano. Zile mbili ziligeuka kijani na nikazitupa mbali na magogo.

Magogo ya mfano yako nyuma ya nyumba yetu, na kila Alhamisi kuanzia saa nane mchana nipo hapo. Njoo uone utando kwa macho yako, uguse, uulize. Mwenye msumeno aje nao, kwa sababu wiki ijayo tunakata matawi ya mwembe ya mzee mmoja aliyekubali tuyapunguze, na tutayagawa kwa nyumba nane za kwanza zitakazojiandikisha. Shoka acheni nyumbani.